Darasa moja lina kila aina ya mwanafunzi, mnafanyaje asiachwe mtu?

mwl_takwimu aliandika:

Habari zenu wadau, naomba msaada hasa kwa mnaofundisha vyuoni, na wanafunzi mkiwepo karibuni sana mchangie maana nyie ndo mnaoishi haya mambo.

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, ni somo la lazima kwaiyo wanakuja wa kila kozi, wako 74. Hii ni semista yangu ya tatu ila ndo imenipeleka puta kweli. Kuna mmoja ana uoni hafifu, mmoja ana kigugumizi na nikimuuliza swali mbele za watu naona kabisa anavyoumia, kuna ambao lugha tunayofundishia ni ya tatu au ya nne kwao, kuna akina mama wanatoka kazini usiku wanaunganisha moja kwa moja darasani, kuna mtu mzima karudi kusoma baada ya miaka mingi sana, alafu hapohapo kuna waliotoka shule nzuri ambao haya ninayofundisha walishayamaliza zamani, wanakaa nyuma na simu zao wanasubiri wenzao.

Jaribio la kwanza limetoka, 31 wako chini ya nusu. Ila kilichonifanya niandike hapa saa hizi ni binti mmoja. Huyu hajawahi kukosa kipindi, daftari lake ukiliona utapenda, na karatasi yake swali la tatu na la nne kayaacha wazi kabisa, hata kujaribu hakujaribu. Kaja ofisini nikamuuliza kwa mdomo, nikampa mfano wa mfuko una mipira mekundu na myeupe, akanijibu vizuri mpaka hatua ya mwisho, tena haraka. Nikamuuliza sasa mbona kwenye karatasi hukuandika? Akainamisha kichwa akasema "sikuelewa swali mwalimu". Swali lenyewe ni la uwezekano, hilohilo.

Nimemweleza mwenzangu mmoja akasema chuo sio chekechea, anayeweza atapita na asiyeweza atadisko, yaani ataondolewa chuo, ndo mchujo wenyewe. Sikubaliani naye lakini pia sikuwa na jibu la kumpa. Nikisema nimfuate kila mmoja na hitaji lake sitaweza, nina vipindi vitatu kwa wiki na sina msaidizi. Mnafanyaje?

mama_chaki alijibu:

Pole mwalimu mwenzangu, na hongera kwa kuumia, wengi tunafika mahali hatuumii tena.

Mi nimefundisha miaka mingi kidogo na kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kuanza na orodha ya wanafunzi, huyu ana hili na yule ana lile, nikawa natafuta dawa ya kila mmoja mpaka nachanganyikiwa. Anza na somo lenyewe. Kaa chini jiulize, hili somo nilivyolipanga nilikuwa namfikiria nani kichwani? Mara nyingi utakuta ulimfikiria mtu kama wewe ulivyokuwa, anasikia vizuri, anaona vizuri, lugha anaijua, hana mtoto, hana kazi, na nyumbani kwao kuna mtu alishasoma chuo akamwambia mambo yanavyoenda. Huyo mtu darasani kwako ni wachache sana.

Kuna wataalamu pale Marekani, taasisi inaitwa CAST, ilianza 1984, wao kazi yao ilikuwa kutumia kompyuta kuwasaidia watoto wenye ulemavu wasome vitabu vya kawaida. Baadaye wakageuza swali, badala ya kumrekebisha mtoto aendane na kitabu wakaanza kuuliza kwanini kitabu kilitengenezwa hivyo. Wazo lao kwa ufupi ni kwamba toa maarifa kwa njia zaidi ya moja, mpe mwanafunzi njia zaidi ya moja ya kuonyesha anachojua, na mpe sababu zaidi ya moja ya kutaka kujifunza. Walichukua fikra kwa wasanifu majengo, ile njia ya mteremko pale kwenye ngazi ilijengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu lakini anayepita pale siku nzima ni mama na kigari cha mtoto, mwenye mzigo, mzee wa magoti. Ukimtengenezea mmoja vizuri wanapita wengi.

Sasa vitu vidogo ambavyo mimi vilinisaidia. Asaimenti zangu sasa hivi kila moja ina vitu vitatu pale juu, kwanini tunafanya hii kazi, unatakiwa kufanya nini hatua kwa hatua, na nitasahihishaje, tena naweka na mfano wa kazi nzuri ya mwaka uliopita nimefuta jina (mwenyewe nilimuomba ruhusa). Zamani nilikuwa naandika "jadili" tu basi. Anayetoka familia ya wasomi anajua "jadili" maana yake nini, mwingine anadhani ni kueleza, anakuandikia kurasa tano za maelezo mazuri unampa alama kumi na hajui kosa lake mpaka anamaliza chuo.

Alafu saa za ofisi, ule muda mwalimu anakaa ofisini kusubiri wanafunzi waje kuuliza. Nilikuwa nabandika mlangoni na hawaji, nikasema hawana nia. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa tatu, wa tatu jamani, akaniambia alikuwa anajua zile ni saa ambazo mwalimu anafanya kazi zake hataki kusumbuliwa. Niliumia sana. Tangu siku hiyo wiki tatu za kwanza kila mwanafunzi lazima aje dakika tano, hata wawili wawili, aniambie jina analopenda kuitwa na kitu kimoja kinachoweza kumkwamisha semista hii. Wakishajua mlango unafunguka wanarudi wenyewe.

nasikia_kidogo alijibu:

Shikamooni walimu. Mi ni mwanafunzi mwaka wa pili, sikio la kulia halisikii kabisa na la kushoto nina kifaa. Niongee upande wangu.

Watu wanadhani kifaa ni kama miwani, ukivaa umepona. Hapana, kinakuza kila kitu, sauti ya mwalimu na kiti kinachoburuzwa na feni na mtu anayekohoa, vyote vinakuja pamoja. Kwaiyo mimi nasikia nusu na nusu nasoma midomo, na midomo nayo haisemi yote, jaribuni kwenye kioo mseme "pata" alafu "bata" alafu "mata" bila sauti muone kama mtatofautisha. Sasa mwalimu akigeukia ubao anaandika huku anaongea, kwangu mimi kipindi kimesimama. Akizunguka darasani huku anaongea ni hivyohivyo. Mtu wa nyuma akiuliza swali na mwalimu akajibu bila kulirudia, mi nasikia jibu la swali nisilolijua.

Vinavyonisaidia havina gharama hata kidogo. Niangalie ukiongea, rudia swali la mwenzangu kabla hujajibu, tutumie slaidi siku moja kabla hata kama hazijakamilika maana nikishayaona maneno mapya nayatambua midomoni, na video ukiweka iwe na maandishi chini. Haya maandishi wenzangu wanaosikia vizuri nao wanayapenda, hasa ambao lugha inawasumbua.

Nina rafiki yangu ni kiziwi kabisa anatumia lugha ya alama, yeye anakuja na mkalimani. Kitu ambacho walimu hawakijui ni kwamba ana macho mawili tu, akimwangalia mkalimani hawezi kuangalia ubao, kwaiyo mwalimu akisema "angalieni huu mchoro, kama mnavyoona hapa..." anaendelea kuongea, rafiki yangu inabidi achague mchoro au maneno. Nyamaza sekunde kadhaa waangalie kwanza, ndo uongee. Pia lugha ya alama ni lugha kamili ina sarufi yake, kwaiyo akiandika akakosea sarufi msimuone hana akili, anaandika kwa lugha ya pili.

La mwisho na naomba mnisikilize hapa. Mwaka wa kwanza mwalimu mmoja aliingia akauliza darasa zima "nani hapa ana matatizo ya kusikia au kuona anyooshe mkono tumsaidie". Najua alikuwa na nia njema. Sikunyoosha. Nilikaa semista nzima nyuma kushoto nikapata sapu, yaani nikafeli ikabidi nirudie mtihani. Angeweka karatasi ya kujaza ya watu wote, au angesema tu niandikieni ujumbe, ningemwambia siku hiyohiyo.

mizani alijibu:

Nawaheshimu wote ila niulize kitu ambacho naona watu wanakiogopa. Mwisho uko wapi? Huyu muongezee muda, yule msogezee tarehe, mwingine afanye kwa mdomo. Mimi nafundisha wauguzi, wakitoka hapa wanaenda kushika watu walio hai, mgonjwa hatasubiri mtu apige hesabu ya dozi kwa muda wa nyongeza. Na yule aliyekaza akamaliza ndani ya muda kama wenzake tunamwambiaje? Siulizi kwa ubaya, nataka kujua kweli, maana nina mwanafunzi ana disleksia, yaani kusoma maandishi kunamsumbua, na ni mzuri sana kwa wagonjwa ila naogopa kumpitisha kwa huruma alafu nikaua mtu.

mtahini_wa_zamani alijibu:

Mizani swali lako ni zuri na lina jibu. Kabla hujampa mtu marekebisho yoyote jiulize, huu mtihani unapima nini hasa. Ukishajua hilo, kitu kinachopimwa usikiguse, kila kitu kingine kilichokizunguka unaweza kukibadilisha bila kumuonea mtu.

Mfano wako mwenyewe. Kupiga hesabu ya dozi ni kitu unachopima, hapo hakuna kulegeza, lazima apate jibu sahihi. Kasi je? Kama ni kumfufua mgonjwa aliyesimama moyo basi kasi ni sehemu ya ujuzi wenyewe, pima na kasi, kila mtu sawa. Lakini mtihani wa karatasi wa maswali 60 kwa saa moja kuhusu anatomia, yaani viungo vya mwili, pale unapima anatomia au unapima nani anasoma haraka? Mwenye disleksia maarifa anayo ila herufi zinamchelewesha, ukimpa dakika 15 za ziada hujampa jibu hata moja, umeondoa tu kitu ambacho hukukusudia kukipima. Asiyejua anatomia hata umpe siku nzima hajui. Na ukiona darasa zima linahitaji muda zaidi basi kosa liko kwenye mtihani, punguza maswali kumi kwa wote uone.

Na hili sio huruma mjue. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa 2006 ukaanza kutumika 2008, na kifungu cha 24 kinazungumzia elimu mpaka ya juu, kwamba mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayofaa kulingana na hitaji lake. Na mkataba wenyewe unasema marekebisho yasiwe mzigo uliopitiliza kwa anayeyatoa, kwaiyo ule wasiwasi wako wa "mwisho uko wapi" walishaufikiria.

Mwl_takwimu, hilo swali la tatu na la nne lilihusu nini hasa? Usimuulize tena hesabu, mpe karatasi ileile akusomee kwa sauti alafu akueleze kwa maneno yake anaona swali linataka nini. Usimsaidie, nyamaza usikilize. Nimefanya hivi mara nyingi na karibu kila mara nilichokikuta sicho nilichokuwa nakitegemea.

mizani alijibu:

Hapo nimekuelewa. Nakaa na mitihani yangu wiki hii niitenganishe, ipi inapima kasi kweli na ipi ni mazoea tu.

kijiwe_cha_hesabu alijibu:

Mi niongezee kuhusu grupu maana hesabu ndo kazi yangu, na hapa nina jambo linalonigusa sana.

Miaka ya 70 pale chuo kikuu cha California, Berkeley, kuna mwanahisabati anaitwa Uri Treisman alishangaa kwanini wanafunzi weusi wengi wanafeli hesabu za mwaka wa kwanza wakati wamekuja na matokeo mazuri. Aliwauliza walimu wenzake sababu wakamtajia zilezile, hawana bidii, hawakuandaliwa, familia haziwasukumi, umaskini. Akaamua kuwafuatilia mwenyewe, weusi 20 na wenye asili ya Uchina 20, akaingia mpaka wanakosomea. Akakuta sababu zote zile sio. Bidii walikuwa nayo, familia zilikuwa nyuma yao. Tofauti ilikuwa kwamba wale Wachina wakishasoma kila mtu peke yake walikuwa wanakutana, wanasahihishana, wanabishana, mtu anajua kabisa yuko wapi ukilinganisha na wenzake. Weusi wengi walikuwa wanasoma peke yao, kwa nidhamu kubwa, na mtu wa kumwambia umekosea hapa hayupo mpaka mtihani ufike.

Sasa alichofanya ndo nakipenda. Hakuanzisha darasa la wanaofeli. Alianzisha vikundi vya kufanya maswali MAGUMU kuliko ya darasani, akawaita kama watu wanaotegemewa kufanya vizuri, na matokeo yakabadilika kabisa. Tuition ya wadhaifu inamwambia mtu wewe ni mdhaifu, hata kama hujalitamka.

Kwaiyo mwl_takwimu hao wako wa nyuma waliochoka wape kazi. Lakini usiseme tu "kaeni kwenye makundi" maana watachaguana kwa urafiki na wale wapweke watabaki wapweke. Panga wewe, wanne wanne, mmoja anaandika, mmoja anauliza kwanini, mmoja anaripoti, na wiki ijayo wanabadilishana. Mwenye kigugumizi anaweza kuripoti kwa kuandika ubaoni mpaka siku atakayotaka mwenyewe kuongea.

Alafu ukiuliza swali subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima darasani akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurukia mtu mwingine au kujijibu wenyewe, na wakisubiri tatu tu majibu yanakuwa marefu na wanaojibu wanaongezeka. Mtu anayefikiri kwa lugha moja anajibu kwa nyingine hiyo sekunde moja haimtoshi hata kutafsiri swali. Mi nawaambia andikeni kwanza, dakika moja, geukia jirani, ndo naita jina.

Na yule mwenzako wa mchujo mwambie hivi, 2014 kuna watafiti walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu, darasa la mwalimu kuongea tu waliofeli ni kama 34 kwa kila mia na darasa la wanafunzi kufanya kazi wenyewe kama 22. Hao 12 wa katikati hawakuwa wajinga, kilichowafelisha ni namna walivyofundishwa.

Kitu kimoja tu nikukanye, usije ukapoteza muda kugawa wanafunzi kwamba huyu anajifunza kwa kuona yule kwa kusikia, ushahidi wake ulishatafutwa sana haujapatikana. Wote wape picha na maneno.

mwanachuo_mama alijibu:

Nimesoma yote nikiwa na mtoto mgongoni. Mimi naomba kitu kimoja, tarehe. Ukinipa tarehe zote wiki ya kwanza nitajipanga na zamu zangu, hata ziwe ngumu vipi. Kinachoniua ni "kwizi kesho" inayotumwa kwenye grupu saa tatu usiku. Na kwizi ziwe nyingi ndogo ndogo alafu ile mbaya kuliko zote ifutwe, basi siku mtoto akiumwa sihitaji kuja kukulilia ofisini wala kuleta vyeti vya hospitali. Na mafaili yafunguke kwenye simu. Ule ukurasa wa kitabu uliopigwa picha kwa kuinama hausomeki, na huyo mwenye uoni hafifu ndo kabisa, ile programu yake ya kusoma skrini kwa sauti inaona picha tu haioni maneno.

mwl_takwimu alijibu:

Wadau nimerudi, samahani nimechukua siku tatu.

Nimefanya kama alivyosema mtahini_wa_zamani. Nimemuita binti, nimempa karatasi ileile, nikamwambia nisomee swali la tatu. Akasoma vizuri tu. "Karata moja inachomolewa kutoka kwenye pakiti kamili ya karata, tafuta uwezekano wa kupata kopa au karata yenye picha." Nikamwambia nieleze linataka nini. Akakaa kimya, na mimi nikakaa kimya kama nilivyoambiwa, ilikuwa ngumu sana kwangu. Mwisho akasema, "Mwalimu, karata zinakuwa ngapi?"

Hajawahi kushika karata maishani mwake. Kwao ni kitu kilichokatazwa kabisa, hajawahi hata kuangalia watu wakicheza. Hajui kwamba ziko 52, hajui kopa ni 13, hajui zenye picha ni 12, na hakuna mahali popote kwenye ule mtihani nilipoandika. La nne lilikuwa karata pia. Mawili hayo yalibeba alama 40 kati ya 100. Mimi nilidhani napima uwezekano kumbe nilikuwa napima nani amekulia kwenye nyumba yenye karata.

Nikatoa karatasi zote 74 nikaanza upya. Tisa wengine wameacha maswali hayohayo mawili wazi, na kumi na moja wameandika idadi ya karata wanayoijua wao, wapo walioandika 50, wapo 48, na mmoja kaandika 40, lakini hesabu waliyoifanya baada ya hapo ni sahihi kabisa na nikawapa sifuri. Nilizisahihisha mwenyewe zote na sikuliona hilo.

Nimeamua haya. Hayo maswali mawili nayafuta, jaribio linarudiwa Alhamisi kwa wote, namba zote zinakuwepo ndani ya swali, hakuna kitu cha kukisia. Hao kumi na moja nawaita mmoja mmoja niwaambie hesabu yao ilikuwa sawa. Nakala moja ni ya maandishi makubwa, na faili nimempa mwenyewe alijaribu kwenye programu yake jana, limesomeka. Maswali nimepunguza kutoka nane hadi sita, muda uleule. Karatasi ya kujaza ya mahitaji nimeituma kwa wote, mpaka sasa imejazwa na 52 na kuna mambo mle sikuyajua kabisa, kuna mmoja kaandika anaona rangi nyekundu na kijani zinafanana, na mimi grafu zangu zote ni nyekundu na kijani, nitaanza kutumia mistari ya kukatika na nukta. Grupu za wanne naanza wiki ijayo, mama_chaki na kijiwe nitawasumbua huko mbele.

Binti nimemuomba radhi. Akauliza kama anaweza kumwambia mama yake kwamba hakufeli.

nasikia_kidogo alijibu:

Mwalimu asante. Alhamisi kabla hawajaanza usomee maswali kwa sauti ukiwa umewatazama, na uwape dakika moja ya kuuliza neno wasilolijua, hata kwa kuandika kwenye kikaratasi wakuletee.

mwl_takwimu alijibu:

Vikaratasi nitaviweka kila meza. Nashukuru mdogo wangu.